Mkojo wa Saa Ishirini na Nne

Mimi ni mshonaji wa Kamembe, mpakani na Congo, na kazi yangu ni kupima miili ya watu. Mteja akiniambia hajanenepa, futi yangu inamuumbua palepale. Sasa mwaka ule nilipojipima mwenyewe ili nishone gauni la kanisani, nilidhani futi imeharibika. Tumbo lilikuwa la mama wa mapacha, mikono na miguu ilikuwa ya mwanafunzi wa darasa la tatu. Nyuma ya shingo palikuwa pameota kinundu cha nyama ambacho hakuna kola iliyokubali kulala juu yake. Nilikata kitambaa mara tatu, na mara tatu gauni likakaa kama limeshonewa watu wawili waliogombana. Nikalitupa chini ya meza, nikajifunga kitenge, nikaenda kusali hivyohivyo.

Kanisani ndiyo kwanza nilisifiwa. Uso wangu ulikuwa umejaa hadi macho yamebaki vidirisha, na bamama wa kwaya walinishika mashavu wakisema nimebarikiwa. Mnajua sisi tuliozaliwa Congo, tuliporudi huku tulirudi tumekauka. Mtu akinenepa inakuwa habari ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa kwa adabu na kujibu kwamba ni Mungu tu.

Haikuwa Mungu. Ilikuwa vidonge. Vidogo, vyeupe, vya ng'ambo ya daraja, kutoka kwa mama mmoja wa Bukavu aliyevipanga kwenye sinia pamoja na sabuni na pipi. Alivisifu kwamba vinaongeza mwili na hamu ya kula. Nilianza kwa sababu mteja mmoja aliniangalia nilivyo mwembamba akaniuliza kama biashara imenishinda, na hasira ilinipanda mpaka kesho yake nikavuka. Ndani ya miezi michache nilijaa. Wateja waliongezeka, au mimi niliona wameongezeka. Nikaendelea kumeza, miaka miwili, asubuhi kimoja na jioni kimoja, bila kumwambia mtu.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mume wangu. Kila mgeni aliambiwa kwamba unene ule ni matunzo yake, kwamba yeye mke wake hamwachi na njaa. Alikuwa akisema hivyo huku akinigonga bega, na mimi nikicheka pamoja nao. Ningemwambia nini, jamani? Kwamba matunzo yake yanauzwa kwenye sinia?

Halafu miguu ikaanza kunisaliti. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mapaja yalikuwa yanachoka katikati ya mshono, sindano inasimama ndani ya kitambaa na mimi nabaki nikiitazama. Kuinuka kwenye kigoda kukawa shughuli: nashika meza, nahesabu hadi tatu, nainuka kwenye nne. Ngozi ilikuwa inavilia damu kwa kuguswa tu. Wanafunzi walikuwa wanasubiri sare na mimi niliweza kushona mikono miwili kwa siku, ya shati moja. Hapo nikaogopa kweli. Miguu hiyo ikienda, kazi imeenda, na bila kazi mimi sijui ningeamka asubuhi niwe nani.

Basi nikajitibu. Jirani alisema siki inayeyusha tumbo, nikawa nakunywa kijiko cha siki kila asubuhi kabla ya chai. Tumbo halikuyeyuka. Kilichoyeyuka ni koo, na kwaya ikanihamisha kutoka sauti ya kwanza kwenda ya tatu.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitalini. Daktari alikuwa kijana sawa na kitinda mimba wangu, lakini hakuwa na mchezo. Alinikagua shingo, akaangalia michirizi ya zambarau tumboni, akaniambia nichuchumae kisha niinuke bila kushika kitu. Nilichuchumaa vizuri sana. Kuinuka ndiko kulikotaka watu wawili. Akaniambia anafikiria ugonjwa unaoitwa Cushing, mwili unapokuwa na homoni ya kotisoli nyingi kupita kiasi. Kisha akaniuliza kama kuna vidonge ninavyomeza, au krimu ninayopaka, au sindano. Mume wangu alikuwa ameketi pale pembeni, amenyoosha shingo. Nikasema hakuna. Daktari akauliza tena. Nikasema hakuna, dokta, ninakula vizuri tu nyumbani. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kwa hiyo ikabidi kotisoli ipimwe kwenye mkojo wa siku nzima, saa ishirini na nne, bila kupoteza hata tone. Chupa za kazi hiyo zilikuwa zimeisha, na yule bwana wa maabara akaniambia nilete dumu safi la lita tano, lile la njano la mafuta ya kupikia, ambalo sisi huku tunaliita bidoni. Alilisuuza mwenyewe, akamimina ndani maji kidogo yenye harufu ya kukata pua. Nikamwambia hiyo ni siki. Akasema ni asidi asetiki, ile ile iliyo ndani ya siki, ila hii ni kali, na kazi yake ni kuzuia mkojo usiharibike kabla ya kupimwa. Nisiiguse, nisiinuse, nikimimina nigeuze uso pembeni. Nilicheka peke yangu. Miezi yote ile nilikuwa na dawa sahihi, nikiitia tundu lisilo lake.

Ratiba ndiyo iliyoleta balaa. Sampuli zilikuwa zinaondoka Jumatatu asubuhi, kwa hiyo siku ya kukusanya ilikuwa Jumapili. Na Jumapili hiyo hiyo tulikuwa tunangojewa Nyakabuye, kwa binti yangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu kumtembelea mzazi si kupitia tu ukaona mtoto. Unakwenda na kikapu kichwani, na kinywaji, na siku imepangwa na wazazi wa upande wa pili, na siku ikishapangwa haiguswi. Mume wangu akasema tuwapigie simu tuahirishe. Nikamuuliza niwape sababu gani, kwamba siku hiyo nitakuwa nakojoa?

Tukaenda. Asubuhi niliutupa mkojo wa kwanza kama nilivyoelekezwa, nikakusanya wa pili na wa tatu, nikaifunga bidoni kwa nguvu zangu zote. Kisha nikaiweka katikati ya kikapu, kati ya unga wa uji na nepi, nikafunika kwa kitenge kipya. Mume wangu alibeba kasha la soda. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nikifika, nakiweka kikapu karibu na miguu yangu, na nikihitaji kwenda uani ninakwenda nacho, nikisema nina dawa humo.

Mpango huo ulidumu hadi mlangoni. Tulipoingia uani, wanawake watatu walitoka wakiimba, na kabla sijasema hata jina la Yesu, kikapu kilikuwa kimeshatolewa kichwani mwangu kwa mikono sita na kupelekwa ndani. Ndiyo adabu. Mgeni wa heshima hakai na mzigo wake. Na mimi nilibaki nimesimama na kata yangu kichwani, nikiangalia mkojo wangu unavyopokelewa kwa nyimbo.

Kikapu kiliingia kwenye chumba cha akiba, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa kiunoni mwa mama mkwe wa binti yangu, bamwana wangu, kama tunavyoitana wazazi wa pande mbili. Ni mwanamke mpole sana, wa maneno machache, na mimi namheshimu hadi naogopa kukohoa mbele yake. Ningemfuata nimwombe ufunguo nikamwambie ninakwenda kuongeza? Nikaamua kubana. Nilibana mkojo kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, na muda wote huo walikuwa wananiletea vinywaji. Soda, chai ya maziwa, mutobe ya ndizi. Nikikataa, bamwana ananiangalia kwa huzuni. Nikinywa, mwili unapiga kelele. Hotuba za pande zote mbili nilizisikiliza nimekunja miguu, na mzee mmoja alipomaliza kusema akanisifu kwamba mimi ni mama mtulivu.

Katikati ya hapo niliitwa chumbani kumwona mtoto. Binti yangu alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetoka, macho makubwa. Tulikaa kitandani, mtoto akinyonya kati yetu. Akaangalia mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Maman, unipatie na mimi vile vidonge vyako."

Nilijifanya sijaelewa. Akanitajia mahali ninapovificha, kwenye pochi ndogo ya pini ndani ya mkoba. Kumbe aliijua siku zote. Akasema anataka anenepe haraka, watu wa kwetu wasiseme wakwe zake hawamlishi. Moyo wangu ulisita, nisiseme uongo. Nilimwangalia yule mtoto kifuani, nikajiambia ni vidogo tu, mimi mwenyewe si bado ninatembea? Na kusema kweli nilijisikia vizuri pia. Binti yangu alitaka kufanana na mimi. Nikampa viwili. Akanyoosha mkono, akataka vyote. Nikampa vyote, pamoja na paketi ambayo haijafunguliwa, akaviweka chini ya mto.

Wakati wa kuaga vikapu vilirudi, na kikapu hakirudishwi kitupu. Changu kilikuwa na unga wa muhogo, maharage na ndizi mbivu, na bidoni yangu ilikuwa pale pale katikati. Niliiona nikamshukuru Mungu kwa sauti, na bamwana akadhani ninashukuru maharage. Kuinua ndipo nikaona ni nzito. Lakini siku hizo kila kitu kilikuwa kizito kwangu, hata kikombe cha chai, kwa hiyo nililaumu mikono yangu. Tulipofika penye migomba karibu na barabara, nilimwambia mume wangu asimame alinde. Nikaenda kule nyuma na gobele yangu, kikombe cha kukingia, nikafanya yale ya tangu asubuhi, nikamimina nimegeuza uso kama nilivyoamriwa. Bidoni ilikuwa karibu imejaa. Nilishtuka. Nikamwambia mume wangu kwamba kumbe mimi ninakojoa namna hii, kweli mimi ni mgonjwa, na yeye akanishika mkono kwa huruma hadi kituo cha basi.

Jioni iliongezeka. Alfajiri ya Jumatatu nikaongeza mkojo wa mwisho, bidoni ikafika shingoni, sikuwa na pa kuweka hata kijiko. Hospitalini niliiweka juu ya meza ya maabara kwa fahari kubwa, maana lita tano si mchezo. Yule bwana akashangaa uzito. Akalegeza kifuniko. Kifuniko kikasema *pssss*, kikamruka mkononi, na povu likapanda likamwagikia daftari lake.

Alirudi nyuma hatua mbili. Akasogea tena, na yeye mwenyewe akavunja sheria yake, akanusa.

"Maman," akasema, "hii ni kasiksi."

Nikakasirika. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na mimi ni mwanakwaya. Nikamwambia hiyo imetoka mwilini mwangu, na kama haamini kuna shahidi, nikamwonyesha mume wangu. Mume wangu akakubali kwamba alisimama akilinda. Watu wawili wakaja kutoka chumba cha pili kunusa, wa tatu akasema kama mwili wa Maman unatoa hii, basi asitibiwe, afunguliwe baa. Nilitaka sakafu inimeze. Bwana wa maabara, Mungu ambariki, aliwafukuza wote, akaniambia kwa upole niende nikaulize bidoni ilipita wapi.

Nilimpigia binti yangu pale pale uani. Alicheka hadi mtoto akalia. Bamwana alikuwa ameifungua bidoni ndani ya chumba cha akiba ili aonje kinywaji cha wageni. Harufu ya siki ikampiga. Akajua pombe yetu imechacha kwa jua la njiani, tena ilikuwa kidogo, chini kabisa, na akaona uchungu kwa ajili yangu, kwamba mwanamke mgonjwa amejikaza akaleta alichonacho na hicho kidogo nacho kimeharibika. Basi akawafunga midomo wote. Mtu asiseme, mtu asicheke, Maman asije akapata haya. Aliimwaga kwenye shina la mgomba, akaiosha bidoni kwa maji ya moto mara mbili, akaijaza kasiksi yake nzuri ya siku ya ubatizo, na kuirudisha mahali ilipokuwa. Binti yangu alijua habari hiyo tulipokwisha kuondoka.

Sikumweleza bamwana mpaka leo. Kwa familia ile yote mimi ni mama asiyejua kutengeneza pombe, na nimeamua kubaki hivyo. Kila nikienda ananipa ushauri kuhusu ndizi za kuivisha na majani ya kukamulia, kwa siri, pembeni, na mimi ninasikiliza na kushukuru.

Jumanne hiyo nilivuka daraja. Pochi ya pini ilikuwa tupu na mwili ulikuwa unadai, viungo vinauma, kichefuchefu, jasho. Mama wa sinia akanipa paketi mbili.

Mkojo wa pili nilikusanya siku ya kazi, nimejifungia nyumbani, bidoni mpya ndani ya beseni la maji baridi, na mume wangu mlangoni akiwaambia wateja nimesafiri. Hiyo ilipimwa. Tulisubiri majibu muda mrefu, na kila siku nilikanyaga cherehani dakika chache kujipima, na kila siku zilikuwa chache kuliko jana.

Siku ya majibu daktari alimwomba mume wangu atusubiri nje. Akageuza karatasi niione, ingawa mimi sikuelewa tarakimu. Akanieleza kwamba alitegemea kuona kotisoli nyingi sana, maana mwili wangu wote unasema nyingi. Lakini kwenye mkojo karibu hakuna kitu. Nikamwambia labda bwana wa maabara ile asidi ameiweka nyingi, imeila. Akasema asidi hailiwi na haili, inatunza tu. Kama mwili una dalili za wingi na wenyewe hautengenezi, maana yake umepumzika kutengeneza kwa sababu kuna inayoingia kutoka nje. Dawa za jamii ya kotisoni hufanya hivyo. Zinajaza uso na tumbo, zinakula mapaja, zinalegeza mifupa, na siku moja mtu anapata homa ndogo tu, mwili unatafuta nguvu zake wenyewe hauzipati.

Kisha akaniuliza mara ya tatu, "Nani anakupatia, Maman?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Naukumbuka hata leo, ulikuwa unahusu dawa ya kikohozi. Lakini aliposema zinakula mapaja na mifupa nilikuwa simwoni yeye tena. Nilikuwa naona mabega ya binti yangu, na mto, na mtoto anavyonyonya. Nilitaka kuruka pale kwenye kiti na miguu ikakataa, nikabaki nimeshika ukingo wa meza, nikisema yote kwa mpigo mmoja, sinia, pochi, mume wangu na matunzo yake, paketi nzima niliyompa mzazi wa wiki tatu. Nililia vibaya. Daktari hakunikaripia. Aliniambia mambo mawili: nisiache ghafla kwa maana nikiacha kwa siku moja ninaweza kufa, tutapunguza pamoja polepole kwa miezi, na miguu itarudi kwa mwendo wake. La pili, nimpigie binti yangu sasa hivi.

Nilipiga nikiwa nimeegemea ukuta wa kibaraza. Nilimwambia avitoe chini ya mto, avitupe, aende hospitali leo, ampeleke na mtoto. Nilikuwa napayuka, mume wangu ameinuka kwenye benchi ananitazama. Binti yangu aliniacha nimalize.

"Maman, sijameza hata kimoja," akasema. "Mimi nanyonyesha."

Nikamuuliza sasa aliviomba vya nini.

"Ili usibaki navyo."

Alikuwa amesikia kliniki ya watoto, muuguzi akiwafundisha wazazi juu ya vidonge vya kunenepesha na uso unaokuwa duara, na akanitambua palepale kwenye benchi la kliniki. Hakujua atanikemeaje, mimi mama yake, mbele ya wakwe. Akaona njia ni kunipokonya kwa kuomba. Alivimwaga chooni kabla basi letu halijafika Kamembe, na tangu siku hiyo alikuwa akiamini nimeacha.

Mume wangu alikuwa amefika karibu, amesimama na kofia yake mkononi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema kwa sauti ya wote wawili kusikia kwamba nilinunua vingine siku mbili baada ya kutoka Nyakabuye.

Kwenye simu nikasikia mtoto anacheua. Kisha binti yangu akaniuliza vimebaki vingapi. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua mkoba, nikamwagia vidonge kwenye kofia ya mume wangu, na nikaanza kumhesabia, kimoja kimoja.